Waya Unapokwama: Mwongozo kwa Fundi wa MIG wa Tabora

Mashine ya kuchomelea ya MIG ikianza kutoa waya kwa kusitasita, mafundi wengi hukimbilia mambo mawili: kuongeza kasi ya waya na kukaza skrubu ya rola hadi mwisho. Yote mawili huzidisha ugonjwa. Kasi ikiongezwa huku njia imeziba, waya hujikunja ndani ya mashine. Rola ikikazwa kupita kiasi, waya husagika, na unga wake huingia kwenye njia na kuiziba zaidi. Mwisho wake mashine hutangazwa kuwa imekufa, hupakiwa kwenye basi kwenda Dar es Salaam au Mwanza, kumbe ilichohitaji ni tipu mpya.

Mwongozo huu unasimamia jambo moja: waya ukikataa kwenda, kagua njia yake kwanza kabla hujagusa umeme wa ndani. Njia hiyo ina vituo vichache, na kila kituo kina jaribio lake jepesi. Ukivipitia kwa mpangilio, utaujua ugonjwa ulipo bila kubahatisha.

Kwa fundi wa Tabora jambo hili lina uzito wa pekee. Mji huu umezoea biashara ya chuma na shaba tangu zamani. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo ikipitia Unyanyembe, eneo la Tabora hii, kuelekea Ujiji ilikuta hapa majembe yaliyofuliwa na Warongo wa Uzinza, pamoja na shaba ya Katanga iliyoletwa na wafanyabiashara wa Kinyamwezi na Kisumbwa. Leo shaba inakuja kwa kutokea upande wa pili. Tipu za shaba na waya uliopakwa shaba hushushwa bandarini na kupandishwa bara, kwa barabara au kwa reli iliyofika Tabora mwaka 1912. Safari hiyo ni ndefu. Kipuri kikikosekana mjini, geti la mteja hubaki limelala chini hadi mzigo ufike. Ndiyo maana fundi wa huku anahitaji kutambua tatizo mapema kuliko mwenzake anayevuka barabara tu na kulikuta duka la vipuri.

Tena kazi zetu zinaihitaji MIG. Mabomba ya mraba yenye unene wa milimita 1.2 ya madirisha na mageti, na mabati ya bomba za moshi za mabani ya tumbaku ya Urambo na Kaliua, hutoboka haraka yakichomelewa kwa rodi. MIG huyaunga vizuri, ilimradi waya utoke kwa mwendo usiobadilika. Mwendo ukiyumba, hata fundi hodari ataacha mshono wenye mabonge na matundu.

Kabla ya kugusa chochote

Zima mashine, chomoa plagi na funga gesi kila unapofungua mlango wa spuli, isipokuwa pale jaribio linapotaka mota izunguke. Kumbuka kwamba ukibonyeza triga, waya una umeme, na kwenye mashine nyingi rola nazo zina umeme. Usiichungulie bunduki kwa mbele ili kuona kama waya unakuja. Waya unaotoka ghafla hutoboa kiganja, na jicho hauliachi salama. Vaa miwani na glovu.

Andaa plaizi, tupa ndogo, brashi ya waya, kitambaa kikavu, tipu mpya ya saizi sahihi na kipande cha ubao mkavu. Vifaa hivyo vinatosha kwa karibu kila kitu kilichoelezwa hapa.

Jaribio la mkono: anza hapa

Nyoosha kebo ya bunduki sakafuni. Zima mashine, kisha fungua mkono wa rola ili rola zisiubane waya. Shika waya kwa plaizi kwenye ncha ya bunduki na uuvute polepole. Waya unaopita vizuri huja kwa nguvu ndogo, laini, bila kushtuka.

Ukija kwa shida, fungua nozo na tipu, halafu vuta tena. Ukilainika, mwenye makosa ni tipu.

Ukiwa bado mgumu, zungusha spuli kwa mkono ili waya ulegee nyuma ya rola, huku umeushikilia usifumuke, kisha vuta tena mbele. Ukija kirahisi, tatizo liko kwenye spuli au breki yake. Ukibaki mgumu, laina, yaani mrija ulio ndani ya kebo, ndiyo iliyoziba au imepindika.

Na ikiwa tangu mwanzo waya ulipita kirahisi kwa mkono lakini mota inashindwa kuusukuma, basi kagua rola na umeme.

Jaribio hili huchukua dakika chache na hukuonyesha kituo cha kwenda. Usilikwepe hata kama unaamini unajua tatizo.

Kituo cha kwanza: tipu

Tipu ni kipuri kidogo kwenye bunduki, na ndicho kinachochoka haraka kuliko vyote. Ifungue uitazame kwenye mwanga wa jua, tundu likielekea jichoni. Tundu la tipu nzima ni duara kamili, na kingo zake ni kali. La tipu iliyochoka limerefuka upande mmoja kama yai, na ukiingiza waya unaona nafasi upande huo. Waya ukicheza ndani ya tundu, unashika umeme na kuuachia, unashika na kuuachia, na mshono unakuwa wa kukatika. Fundi akiona hivyo hudhani mota inasita, kumbe mota haina kosa.

Saizi iliyopigwa chapa kwenye tipu lazima ilingane na waya: 0.8 kwa 0.8, 1.0 kwa 1.0. Sokoni zipo tipu zilizotobolewa vibaya, kwa hiyo usiamini chapa peke yake. Chukua kipande kifupi cha waya ulionyooka ukipitishe. Kipite bila kusukumwa kwa nguvu na bila kuchezacheza. Kikigoma, tipu hiyo itakusumbua hata kama ni mpya.

Waya ukiungua na kuganda kwenye tipu, usiuvute kwa nguvu. Legeza rola, fungua tipu pamoja na waya wake, kata waya nyuma yake na uvalishe tipu nyingine. Kisha tafuta chanzo. Mara nyingi ni kasi ya waya kuwa ndogo ukilinganisha na volti, au bunduki kushikwa karibu mno na kazi. Kwa waya wa kawaida wa gesi, acha waya utokeze milimita 10 hivi kutoka kwenye tipu hadi kwenye kazi. Kwa waya wa poda usiotumia gesi, acha milimita 15 hadi 20.

Hakikisha pia tipu imekazwa sawasawa. Iliyolegea hupata moto kupita kiasi na kukamata waya. Safisha nozo kila matone ya chuma yanapoanza kujijenga ndani yake.

Kituo cha pili: kebo na laina

Laina ni ule mrija wa springi ulio ndani ya kebo ya bunduki, unaouongoza waya kutoka kwenye rola hadi kwenye tipu. Hapa ndipo vumbi la Tabora linapofanya kazi yake. Katika miezi ya kiangazi vumbi la barabarani huungana na unga wa grainda na chembe za shaba zilizokwanguliwa kwenye waya. Vyote hivyo hushikamana ndani ya laina na kuubana waya.

Kwanza angalia umbo la kebo. Karakana nyingi huizungusha kebo kwenye msumari ukutani au kuikunja chini ya benchi wakati wa kazi. Kila mzunguko huongeza msuguano. Unapochomelea, kebo iwe imenyooka kadiri nafasi inavyoruhusu, na mikunjo yake iwe mipana. Ikiwa waya unakwama tu unapofika kona fulani ya kazi, na ukisimama vizuri unatoka, basi mkunjo wa kebo ndio kisa.

Pili, isafishe. Rudisha waya wote kwenye spuli, toa tipu, tenga bunduki na mashine, kisha pulizia laina upepo mkavu wa kompresa. Vaa miwani, na usielekeze upepo kwa mtu. Kikitoka kiwingu cha unga mweusi au mwekundu, umeona sababu. Usimimine oili wala dizeli ndani ya laina. Oili hufika kwenye mshono na kuujaza vitundu, na huligeuza vumbi kuwa tope.

Tatu, ikishindikana, badilisha. Laina ya springi ni ya waya wa chuma cha kawaida, na ya plastiki laini ni ya waya wa alumini. Kwa kawaida rangi huonyesha saizi: bluu kwa nyaya nyembamba, nyekundu kwa 1.0 hadi 1.2, njano kwa nene zaidi. Unapovalisha mpya, laza bunduki ikiwa imenyooka kabisa kabla ya kupima urefu wa kukata. Ukiipima kebo ikiwa imejikunja, laina itakuwa fupi. Itaacha pengo nyuma ya tipu, na waya utagonga ukingo wa pengo hilo kila wakati. Ukishakata, lainisha ncha kwa tupa hadi kidole kisihisi ukali.

Kituo cha tatu: rola

Fungua mkono wa rola utazame chini yake. Ukikuta unga unaong'aa wa shaba umetanda kama masizi, jua waya unasagwa: ama umeukaza mno, ama mfereji wa rola si saizi yake. Kata kipande cha waya kilichopita kwenye rola ukipitishe kati ya kucha. Ukihisi kimekuwa bapa au kina alama za meno, umepata ushahidi. Waya bapa haupiti vizuri ndani ya tipu yoyote.

Rola nyingi zina mifereji miwili, na saizi huandikwa ubavuni. Soma kitabu cha mashine yako ujue saizi ipi iko kazini, kwa sababu watengenezaji hawafuati mpangilio mmoja. Kisha hakikisha umbo linafaa: mfereji wa V kwa waya mgumu wa chuma, wa U kwa alumini, na wenye meno kwa waya wa poda. Ukitumia rola yenye meno kwa waya mgumu, unatengeneza unga mwenyewe.

Kurekebisha mkazo fanya hivi. Legeza skrubu hadi rola ziteleze juu ya waya. Washa mashine, weka klampu ya ethi mbali, vaa glovu, na uelekeze bunduki kwenye ubao mkavu kwa mshazari, umbali wa sentimita 5 hivi. Bonyeza triga na kaza skrubu kidogo kidogo hadi waya ugonge ubao, ujikunje na uendelee kutoka bila kusita. Hapo acha. Kisha sogeza bunduki karibu kabisa na ubao ili waya ukose pa kwenda. Mkazo ulio sawa utafanya rola ziteleze. Mkazo uliozidi utaufanya waya ufumuke ndani ya mashine.

Kufumuka huko, waya ukijisokota kati ya rola na mlango wa laina, hutokea mbele kukiwa na kizuizi na nyuma kukiwa na nguvu nyingi. Pengo kubwa kati ya rola na mrija wa kuongozea huongeza hatari, basi sogeza mrija karibu na rola bila kuzigusa. Ukishatokea msokoto, kata waya pande zote mbili na uutoe. Kipande kilichobaki ndani ya laina kivute kwa mbele baada ya kutoa tipu. Waya uliokunjamana usiupitishe tena, utaikwaruza laina.

Kituo cha nne: spuli na breki

Spuli hukaa juu ya ekseli yenye springi na nati inayofanya kazi ya breki. Ikikazwa mno, mota huvuta kwa taabu na rola huteleza. Ikilegea mno, spuli huendelea kuzunguka baada ya kuachia triga, waya hulegea, mizunguko hupandana, na baadaye hujifunga. Rekebisha hadi spuli isimame mara tu unapoachia triga, huku ikizunguka bila ukaidi inapovutwa.

Unapofunga spuli mpya, usiachie ncha ya waya hata sekunde moja. Ikikuponyoka, waya wote unaweza kufumuka na kuingiliana. Nyoosha kama sentimita 15 za mwanzo, kata ncha, ilainishe kwa tupa, ndipo uiingize. Ncha yenye makali hukwaruza laina tangu siku ya kwanza.

Mvua zikianza, kwa kawaida kuanzia Novemba, adui ni kutu. Waya wenye kutu ni mgumu na hukwaruza kila unapopita. Usiusugue kwa msasa ukidhani umepona. Fungua mizunguko ya juu uitupe hadi ufike kwenye waya unaong'aa. Ikiwa kutu imeingia ndani, usiutumie. Kila jioni ambayo hutachomelea kesho yake, toa spuli, ifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa na uirudishe kwenye boksi lake.

Kituo cha tano: umeme

Ikiwa mota haizunguki kabisa, angalia taa ya joto kwanza. Mashine iliyopata moto hujizima hadi ipoe. Kisha angalia fyuzi, triga, na soketi ya bunduki kama pini zake zimekaa. Usiende ndani zaidi kama huna ujuzi wa umeme, kwani mashine za inveta hutunza umeme kwenye kapasita hata baada ya kuchomolewa.

Ikiwa mota huzunguka haraka kisha polepole, tazama taa za karakana. Zikififia kila unapobonyeza triga, umeme unaokufikia unashuka. Pima volti kwenye plagi wakati mwenzako anachomelea. Umeme wetu ni wa volti 230. Ukiona umeshuka mno, mara nyingi chanzo ni waya wa ekstensheni mwembamba na mrefu. Tumia mnene na mfupi, na usiuache ukiwa umeviringishwa wakati wa kazi. Ukitumia jenereta, iwe na uwezo unaozidi mahitaji ya mashine, kwa sababu ndogo huyumba kila mara.

Klampu ya ethi hulaumiwa kidogo kuliko inavyostahili. Ikibanwa juu ya rangi au kutu, umeme huruka na waya huonekana kama unasita. Kwangua hadi chuma cheupe kionekane, kisha ibane hapo. Na ukitoka kwenye waya wa gesi kwenda waya wa poda usiotumia gesi, badilisha nguzo za umeme: bunduki iwe chanya kwa waya mgumu wa gesi, na kwa kawaida iwe hasi kwa ule wa poda. Soma boksi la waya kabla ya kuchomelea.

Kwa haraka

– Waya unaungua kwenye tipu: ongeza kasi kidogo, rudisha bunduki nyuma, kagua tipu.
– Waya unasukuma mkono nyuma na kutoboa bwawa la chuma: punguza kasi au ongeza volti.
– Rola zinazunguka, waya umesimama: fanya jaribio la mkono kabla ya kukaza chochote.
– Waya umejisokota ndani ya mashine: tafuta kizuizi mbele, kisha punguza mkazo.
– Unakwama kwenye kona tu: nyoosha kebo.
– Unga wa shaba chini ya rola: saizi ya mfereji si sahihi, au mkazo umezidi.

Mazoea ya kudumu

Grainda inapofanya kazi, mlango wa spuli uwe umefungwa na mashine iwe mbali na cheche. Bana kipande kidogo cha sponji kavu juu ya waya kabla haujaingia kwenye rola, ili kifute vumbi, na ukibadilishe kikichafuka. Kila unapobadilisha spuli, safisha rola kwa brashi na puliza laina. Ukifanya kazi kila siku, weka rekodi ya lini ulibadilisha tipu na laina.

Weka akiba ya tipu za saizi unazotumia, laina moja, rola moja ya ziada na nozo. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na siku za kungoja mzigo kutoka Dar es Salaam. Mafundi wa mtaa mmoja wanaweza kuagiza pamoja na kugawana nauli. Mwenye kutaka kujifunza zaidi, VETA ina chuo Tabora, na SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo, lina ofisi mkoani.

Mwisho, fundi, mfundishe kijana wako jaribio la mkono kabla hujamfundisha kupanga volti. Na mteja au jirani akikuletea mashine akisema imekufa, usimkubalie upesi. Fungua rola, vuta waya, toa tipu, vuta tena. Usiruhusu mashine ipandishwe basi kabla ya kufanyiwa hayo.